Herufi za Mkono: Mwongozo kwa Wachora Mabango na Wachapaji wa Pwani ya Lindi

1. Mwongozo huu ni wa nani

Mwongozo huu ni wa watu wanaoishi kwa herufi: mchora mabango na makopo yake ya rangi, kijana wa duka la steshenari anayetengeneza mialiko na vipeperushi, mchapaji wa tisheti na stika, fundi anayeandika majina ya mashua Kilwa Kivinje au Lindi mjini, na kikundi cha wajasiriamali kinachotafuta nembo ya kifungashio chake. Unahusu aina moja tu ya herufi: zile za mkono zisizolainishwa, zenye kingo zilizochanika, unene usio sawa na mstari unaopanda na kushuka. Herufi hizo zinaweza kuwa zimechorwa kwa brashi, au zimetoka kwenye fonti ya kompyuta inayoiga brashi, chaki au kalamu ya wino mzito.

Kanuni inayobeba mwongozo wote ni hii: herufi za mkono ni za kuita, si za kueleza. Jina, salamu, mwaliko na neno la kumvuta mpita njia ni kazi yake. Bei, namba, tarehe, masharti na tahadhari si kazi yake.

2. Tabia ya herufi za mkono

Herufi nyofu za gazeti au za fomu ya serikali hazimwonyeshi aliyeziandika, na hiyo ndiyo sifa yake. Herufi za mkono hufanya kinyume. Msomaji akiona pale brashi ilipotua na rangi nzito, ikaburuzwa, ikaishia kwa michirizi mikavu, anajua kuna mtu aliyesimama mbele ya ubao ule. Basi huisoma kazi hiyo kama anayesikia sauti: huyu anaita, huyu anatania, huyu ana haraka, huyu hajali. Wajibu wa mbunifu ni kuhakikisha kwamba sauti inayosikika ndiyo aliyoikusudia mteja.

Kabla ya kuchagua fonti ya namna hii, pima mambo matatu.

(a) Mwendo. Ziko fonti ambazo herufi zake hushikana, na ziko ambazo kila herufi husimama peke yake. Mistral, iliyochorwa na Mfaransa Roger Excoffon na kutolewa mwaka 1953, ni ya kushikana. Ina mwendo wa mtu anayeandika bila kuinua mkono. Fonti kama hiyo hupendeza kwenye neno moja au mawili ya herufi ndogo. Ukiandika neno zima kwa herufi kubwa, viungo hukatika na neno husambaratika.

(b) Kingo. Permanent Marker huiga kalamu ya wino mzito, na kingo zake ni safi kiasi. Nyingine huiga brashi kavu, zikajaa vitobo na michirizi. Kadiri kingo zinavyozidi kuchanika, ndivyo herufi inavyotaka nafasi kubwa zaidi ili isomeke.

(c) Uzito. Herufi nyembamba ya kalamu inapendeza kwenye kadi iliyoshikwa mkononi, lakini hupotea ukutani jua la saa saba linapopiga. Kwa kazi ya nje, chagua herufi nene.

Fonti ikipewa kazi isiyo yake huchekwa hata kama imechorwa vizuri. Comic Sans ilichorwa mwaka 1994 na Vincent Connare wa Microsoft kwa ajili ya maneno ya vikatuni kwenye programu ya kompyuta. Watu wakaichukua kwa matangazo ya ofisi na ilani za kila aina, na leo ni mzaha wa wabunifu dunia nzima.

Pwani hii imezoea maandishi ya kuonwa na watu wengi tangu zamani. Sarafu za shaba za masultani wa Kilwa Kisiwani zilikuwa na jina la sultani upande mmoja na maneno ya kumtegemea Mungu upande wa pili, vina vya pande mbili vikilandana. Uso wa sarafu ni mdogo na hulika kwa kupita mikononi, lakini maneno yalikuwa machache na yanajulikana, kwa hiyo aliyeona nusu yake aliweza kuyamaliza mwenyewe. Fundi wa leo afuate hesabu hiyohiyo. Neno ambalo msomaji analijua tayari, kama "Karibu" au "Samaki", linastahimili herufi zilizochanika. Neno asilolitazamia, kama jina la dawa au la kijiji cha mbali, linataka herufi nyofu.

3. Mahali zinapofaa

Majina ya vyombo vya bahari. Jina la jahazi au mashua ni neno la mwenyewe: dua, majigambo, kijembe au jina la mtoto. Hapa herufi za mkono ziko nyumbani kwake. Namba ya usajili ni jambo jingine. Iandikwe kwa herufi na tarakimu nyofu, kwa namna mamlaka inavyoelekeza, na isichanganywe na pambo la jina.

Migahawa na vibanda vya barabarani. Abiria anayeshuka Somanga, Nangurukuru au Mnazi Mmoja ya Mingoyo ana dakika chache, na njaa. "Supu ya pweza" iliyoandikwa kwa brashi nene humwambia kwamba chakula kimepikwa na mtu na kiko tayari. Maneno hayohayo kwa herufi za kibenki hayana harufu ya jikoni.

Bidhaa za mikono. Korosho zilizobanguliwa kwa mkono, asali, chumvi, sabuni ya mwani na vikapu vya ukindu vinafaa jina la herufi za mkono kwenye lebo, kwa sababu herufi inasema kweli kuhusu bidhaa. Bidhaa iliyotoka kiwandani ikivishwa herufi hizo, mnunuzi hudanganywa, na akigundua hatarudi.

Maonyesho, michezo na sherehe. Kichwa cha banda kwenye viwanja vya Nanenane vya Ngongo, bango la fainali ya ndondo, tisheti ya kikundi cha ngoma, neno "Karibuni" juu ya mwaliko wa harusi: zote hizi ni kazi za kuita. Chini ya kichwa, maelezo yaandikwe kwa fonti nyofu.

4. Mahali zisipofaa

Namba ya simu na lipa namba. Tarakimu 1 na 7, 0 na 6, 3 na 8 zikiandikwa kwa mkono mkwaru hufanana. Mteja akikosea tarakimu moja ya lipa namba, pesa zinakwenda kwa mtu mwingine, na lawama inamrudia mwenye duka na aliyemchorea bango.

Bei. "Sh 1,000/=" ikisomeka "7,000/=", mteja anapita bila kuuliza. Ikisomeka kinyume chake, ugomvi unaanza wakati wa kulipa.

Tarehe na viambato kwenye kifungashio. Tarehe ya kutengenezwa, tarehe ya mwisho wa matumizi, uzito na viambato viandikwe kwa fonti nyofu inayosomeka bila kukaza macho. Alama ya ubora ya TBS isichorwe upya kwa mkono wala isipambwe. Itumike kama ilivyotolewa, na itumiwe na aliyepewa kibali tu.

Afya na usalama. Ilani ya kipindupindu, maelekezo ya kuchemsha maji, "Hatari: umeme", na idadi ya abiria wanaoruhusiwa kwenye boti ni maneno ya kutiiwa. Herufi zenye mzaha huyapunguzia uzito.

Matangazo ya mazao. Wakulima wa ufuta na korosho wanapokusanyika kwenye chama chao cha msingi cha ushirika (AMCOS) kusoma bei ya mnada, wanatafuta tarakimu moja tu, na wengine wanasoma wakiwa nyuma ya umati. Katibu anayeandika kwa chaki aandike herufi kubwa zilizosimama wima, tarakimu zikiwa kwenye safu moja. Anayechapa kwa kompyuta asitumie fonti inayoiga chaki.

Aya ndefu. Popote maneno yanapozidi mstari mmoja au miwili, fonti ya mkono huchosha macho. Barua ya maombi, taarifa ya kikao na risiti havina nafasi kwa fonti hizi.

5. Jaribu fonti kwa Kiswahili

Fonti nyingi za mkono huonyeshwa kwa sentensi za lugha nyingine, na uzuri wake huko hauthibitishi kwamba zitabeba Kiswahili. Maneno yetu ni marefu, yana irabu nyingi, na herufi hujirudia kwa karibu.

Chukua neno "Nangurukuru". Lina herufi u nne na r mbili. Fonti yenye umbo moja tu la u itatoa u nne zenye mkwaruzo uleule, mahali palepale, na msomaji atang'amua mara moja kwamba hakuna mkono ulioandika. "Songo Songo" ina mtego huohuo kwa herufi o. Mtu akiandika kwa brashi, hakuna u mbili zinazotoka sawa: ya kwanza ina rangi ya kutosha, ya mwisho imekaukiwa.

Tiba ziko mbili. Ya kwanza ni kuchagua fonti yenye maumbo mbadala yanayojibadili yenyewe kulingana na mahali herufi ilipo ndani ya neno. Caveat, inayopatikana bure Google Fonts, ni mojawapo. Ya pili ni kuligeuza neno kuwa mchoro ndani ya programu ya usanifu, kisha kuihariri kila herufi iliyorudiwa: hii iinamishe kidogo, ile ipunguze mkia, nyingine ishushe chini ya mstari. Kazi hiyo haichukui muda mrefu na hubadilisha sura ya bango lote.

Halafu angalia herufi zinazofanana. Kwenye fonti nyingi za mkono, a iliyofungwa vibaya husomeka o, u husomeka n au v, na r ikifuatwa na n husomeka m. Kwa Kiswahili irabu ikikosewa, maana nzima hubadilika: "mboga" ikawa "mbuga", "kaa" ikawa "koo".

Mwisho, angalia alama. Fonti za bure mara nyingi huwa na pengo. Tafuta kibainishi cha "ng'onda" na "ng'ombe", alama ya mkwaju na ya usawa zinazotumika kwenye "/=", na alama ya asilimia. Alama isipokuwepo, kompyuta huiazima kutoka fonti nyingine au huweka kisanduku kitupu, na mara nyingi aibu hiyo huonekana bango likishachapwa.

Karatasi ya majaribio iwe na maneno haya, kwa herufi ndogo na kubwa: Nangurukuru, Songo Songo, ng'onda, Kivinje, muhogo, mboga, 1234567890, 5,000/=. Fonti inayoyavuka yote inaweza kuingia kazini.

6. Ukubwa, rangi na nafasi

Wachora mabango wana kipimo cha kuanzia: kwa kila meta 3 za umbali wa msomaji, ipe herufi sentimita 2.5 za kimo. Msomaji wa meta 30 anahitaji herufi ya sentimita 25. Kipimo hicho ni cha herufi nyofu. Kwa herufi za mkono zenye kingo zilizochanika, ongeza theluthi, ifike sentimita 33 hivi.

Kumbuka pia mwendo wa msomaji. Gari linalokwenda kilometa 50 kwa saa hukata karibu meta 14 kila sekunde. Bango linalosomeka vizuri kutoka meta 30 linampa abiria sekunde mbili tu. Sekunde mbili zinatosha maneno matatu. Mteja wa barabara kuu ya Lindi anayetaka orodha nzima ya vyakula kwenye bango la mbele, mshauri aiweke orodha mlangoni, ambako mtu amesimama.

Kanga inatufundisha mizani. Mji na pindo hujaa mapambo na rangi, lakini jina, yaani ule usemi wa chini, huandikwa kwa herufi kubwa nyofu ndani ya nafasi yake safi. Pambo likiwa kali, herufi hutulia. Nasi tugeuze upande wa pili: herufi zikiwa kali, mandhari yatulie. Usiweke fonti ya brashi juu ya picha ya bahari yenye mawimbi, wala juu ya turubali la maua. Rangi moja tambarare nyuma yake inatosha.

Kwa rangi, tafuta tofauti kubwa ya mwanga na giza: nyeupe juu ya buluu iliyokoza, nyeusi juu ya njano. Nyekundu za bei nafuu hupauka mapema kwenye jua la pwani. Usizipe neno ambalo bango haliwezi kuishi bila hilo. Usichanganye fonti mbili za mkono kwenye bango moja. Moja ya mkono na moja nyofu zinatosha.

7. Kuitoa kazi: brashi na mashine

Chombo cha baharini. Subiri kipandishwe pwani na mbao zikauke. Mbao zilizopakwa sifa, yaani mafuta ya papa, hazishiki rangi. Mafuta yale yaondolewe kwanza kwenye eneo la jina, kisha paoshwe kwa maji baridi yasiyo ya bahari ili chumvi itoke, pakauke, papigwe msasa, ndipo praima ipakwe. Deheni ya chini ya chombo usiiguse. Jina linakaa juu, kwenye omo pande zote mbili au kwenye tezi. Angalia maungio ya mbao kabla ya kupiga mistari ya chaki. Kalafati hucheza chombo kinapofanya kazi, na rangi iliyopita juu yake hupasuka. Panga kimo cha herufi kikae ndani ya ubao mmoja. Ikishindikana, ungio lipite katikati ya kiwiliwili cha herufi, lisipite kwenye jicho la a au e, kwa sababu hapo ufa mdogo tu huibadilisha herufi.

Ukuta na ubao. Rangi ya mafuta ndiyo ya kazi hii, kwa jinsi inavyokauka ngumu na kung'aa. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alijenga mtindo wake wa uchoraji kwa rangi za aina hiyo juu ya mbao za viwandani. Anza umande ukishakauka, na umalize upepo wa mchana haujaanza kurusha mchanga. Ukitaka michirizi mikavu, ipanguse brashi kwenye kipande cha ubao kwanza, kisha ipitishe mara moja tu. Ukirudia kupaka juu yake, mchirizi unaziba na herufi inageuka kuwa herufi nyofu iliyokosewa. Usiongeze thina ili kupata ukwaru; rangi nyepesi hutiririka.

Stika za kukatwa kwa mashine. Kila kitobo na kila punje ya fonti ya brashi kavu inakuwa kipande chake cha kukata na kubandua. Vipande vidogo hung'oka mapema kwa joto na maji. Kwa vioo vya bajaji na milango ya maduka, chagua fonti ya mkono yenye kingo safi, au punguza vitobo kabla ya kutuma kazi mashineni.

Tisheti na tarizi. Kwenye uchapaji wa skrini, michirizi iliyo nyembamba mno huziba au hupotea; chapa kitambaa kimoja cha majaribio kabla ya kuanza oda. Tarizi haiwezi kabisa kushona kingo zilizochanika, kwa hiyo nembo ya sare ichorwe upya kwa kingo laini.

Fotokopi. Kipeperushi kinachorudufiwa nakala kutoka kwenye nakala hupoteza kitu kila kinaporudiwa. Fonti ya mkono iwe kwenye kichwa pekee, na iwe kubwa.

8. Hakimiliki

Fonti ni kazi ya mtu, na ina masharti. Fonti zilizotolewa kwa leseni ya SIL Open Font License, kama Caveat, zinaruhusiwa kwa kazi ya biashara na zinaweza kubadilishwa; kinachokatazwa ni kuiuza fonti yenyewe peke yake. Nyingine hutolewa bure kwa matumizi binafsi tu, na kuziweka kwenye bango la mteja anayelipa ni kuvunja masharti. Soma faili la leseni linalokuja na fonti, ulitunze pamoja na kazi.

Mchora mabango naye ana haki yake. Nchini Tanzania kazi za sanaa zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, inayosimamiwa na COSOTA. Ukimchorea mteja jina kwa mkono wako, kubalianeni kwa maandishi kama ananunua bango moja au ananunua haki ya kulitumia jina hilo kwenye vifungashio, tisheti na mitandao. Bei za mambo hayo mawili hazilingani. Na wewe mwenye duka la uchapaji, usipige picha mwandiko wa fundi ukutani ukaugeuza fonti au nembo bila ruhusa yake.

9. Kabla ya kukabidhi kazi

Pitia orodha hii mbele ya mteja:

- Herufi za mkono ziko kwenye jina, salamu, mwaliko au neno la kumvuta mpita njia tu.
- Bei, namba, tarehe na tahadhari ziko kwa herufi nyofu, na namba ya simu imepigwa ikapokewa na mwenyewe.
- Herufi zinazojirudia ndani ya neno moja hazifanani kama mihuri.
- Kibainishi na alama nyingine zote zipo.
- Kimo cha herufi kimepimwa kwa umbali halisi wa msomaji.
- Leseni ya fonti inaruhusu kazi ya biashara.
- Mtu asiyelijua bango hilo amesimama kwenye umbali uliokusudiwa, amelisoma kwa sauti, na amelisoma sawasawa mara ya kwanza.

Jaribio hilo la mwisho lisirukwe hata kama mteja ana haraka. Msomaji huyo akikwama kwenye neno, usimweleze neno ni lipi. Rudi kwenye brashi au kwenye kompyuta, uirekebishe herufi iliyomkwamisha. Vijana wengi wanaojifunza kazi hii sasa wanaanzia kwenye simu na kompyuta, na hakuna ubaya. Lakini kila fundi mwenye karakana amfundishe angalau mwanafunzi mmoja kushika brashi, kwa kuwa mtu asiyejua mkono unavyoandika hawezi kuitambua fonti inayouiga vibaya.